Vitonge vya Kiporo

Wifi yangu alikuwa anakaanga kwa masikio. Watu wengi hukaanga kwa macho. Wakiona kitu kimepiga rangi ya dhahabu, wanakiopoa. Wengine, wa siku hizi, hukaanga kwa saa ya simu. Yeye aligeuza uso dirishani, akaacha macho yatembee huko nje kwenye kamba za nguo za majirani, na masikio akayaacha karaini. Mafuta yakisema basi, anaopoa. Ukimuuliza amejuaje, anakutazama kama umemuuliza amejuaje kuvuta pumzi.

Mimi ni mke wa mdogo wake. Kwa hiyo yeye ni wifi yangu na mimi ni wifi yake, na kwa miaka kumi na mmoja tuliyofanya kazi pamoja katika jiko la nyuma ya ukumbi wa sherehe tumeitana hivyo hivyo, wifi huku, wifi kule, mpaka wahudumu wapya hudhani ni cheo. Yeye ni wa karai. Mimi ni wa meza: nakata, naponda, naviringisha, nachovya kwenye yai, napanga kwenye sinia na kumsogezea. Nikichelewa ananisema. Nisipochelewa ananisema pia, ila kwa kifupi.

Nami si mnyonge, niseme ukweli. Nina mdomo. Akinisema mbele yangu nilinyamaza kwa heshima, maana ni mkubwa, halafu akishageuka nilimlipa chinichini mgongoni kwake. Na yeye, bila kugeuka, alikuwa akirudisha moja kwa mbili. Tulisukumana hivyo kutwa nzima, na jioni tunatoka tumesaidiana kubeba mifuko. Kuna watu wanapendana kwa maneno matamu, sisi hatukubahatika.

Kisha katikati ya mwaka jana akaacha kujibu. Nasema changu mgongoni kwake, kimya. Naongeza pilipili, kimya vilevile. Nikamwambia mume wangu kwamba dada yake amepata kiburi kipya, siku hizi ananidharau kistaarabu. Mume wangu hapendi mambo marefu. Akasema nishukuru Mungu na nimpe chai.

Basi tuliendelea hivyo mpaka msimu huu, ukumbi ulipoanza kukimbiwa na wateja. Ng'ambo ya barabara palifunguliwa ukumbi mwingine wenye viti vya kitambaa na taa zinazobadilika rangi, na Bosi wetu, mwenye ukumbi, akaanza kuja jikoni mara kwa mara akiwa amekunja uso. Bosi si mtu mbaya. Ni mtu mnene, msafi, anayevaa suti za rangi hafifu hata siku za kazi, na akiwa na wasiwasi anakula. Alisema wageni wakishakaa, kabla ya chakula chenyewe, tunawapelekea vitu vya kukaanga vya kuwachangamsha mdomo, na vitu hivyo vimekuwa vilevile tangu ukumbi ulipopakwa rangi mara ya kwanza. Watu wanavila huku wanaangalia simu. Anataka kitu kipya. Kidogo, cha kuokota kwa vidole viwili, lakini mtu akikitia mdomoni akumbuke kwao.

Nikauliza, kwao wapi? Wageni wanatoka kila pembe. Akasema kwao popote, hiyo ni kazi yetu, na akaondoka na vipande vitatu vya viazi mkononi.

Mimi nilifikiria nyama, jibini, vitu vya maana. Wifi alikaa juu ya kreti ya soda, akafikiri kidogo tu, akasema, "Kiporo."

Nilicheka. Nani ataalikwa harusini, avae viatu vinavyombana, halafu apewe wali wa jana? Lakini wifi hakuwa anatania. Akaanza kueleza, na nilipomwona anaeleza nilijua anatoa kitu cha ndani. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka kumi na mitano, na nyuma yake wadogo wanne, wa mwisho akiwa ndiye huyu mume wangu. Baba alikuwepo, ila alikuwepo kwa namna ya baba wengine, anayeonekana mlangoni tu. Wifi aliweka karai mbele ya nyumba akawa anakaanga chochote alichopata, anauza kabla ya kengele ya shule na baada ya kengele, mpaka siku moja shule yenyewe ikaota mbawa na karai likabaki. Jioni alipika wali na maharage, sufuria moja moja, na alihakikisha vinabaki. Kwa sababu asubuhi, wadogo zake walikuwa wanaamka kwa ajili ya hicho. Wali uliolala, umeshikana. Ukoko wa chini, mgumu, wenye moshi kidogo, uliokwanguliwa kwa kijiko mpaka sufuria ikalia. Maharage yaliyolala kwenye mchuzi wake hadi yakawa mazito. Hata leo mume wangu akishikwa na homa haombi dawa, anaomba kiporo, tena anaomba kwa dada yake, si kwangu.

"Kila mtu amekula kiporo," wifi alisema. "Aliyekula kwa raha na aliyekula kwa shida. Tukikifanya kizuri, hakuna atakayeangalia simu."

Tukakifanya. Wali wa jana, tunauponda kidogo tu, usiwe uji. Maharage tunayachemsha na kitunguu na nyanya mpaka yakauke, yakae kama udongo wa kufinyangia. Unachukua wali kiganjani, unatoboa shimo kwa kidole gumba, unatia maharage, unafunga, unaviringisha kitonge chenye ukubwa wa yai la kuku mdogo. Unakichovya kwenye yai lililopigwa. Halafu unakigaragaza kwenye ukoko. Hapo ndipo palikuwa na akili ya wifi: tulikausha ukoko kwenye tanuri, tukautwanga, tukauchanganya na chenga za mkate, ili mtu aking'ata asikie ile kwaruu ya sufuria ya kwao. Vitonge vikishapangwa vinalala frijini, vishikane, visije vikapasukia mafutani.

Jumatatu tukamkaangia Bosi sinia la kwanza. Vilitoka karaini vina rangi nzuri mno, na mimi nilivibeba kwa majivuno. Bosi akaokota kimoja kwa vidole viwili, akatafuna, akaacha kutafuna. Akakitoa nusu yake na kunionyesha. Nje moto, ndani maharage baridi kabisa, baridi ya friji.

"Mmenipa barafu," alisema.

Nilimgeukia wifi kwa mshangao wa kweli. Kosa la namna hiyo hufanywa na mtu anayekaanga kwa macho. Ukoko ulikuwa umeshakaushwa, una rangi yake tangu mwanzo. Ukiutia kwenye mafuta unapiga dhahabu kabla hujahesabu kumi, na kitonge ndani hata hakijajua kama kimeingia motoni. Cha namna hiyo huwezi kukiamini kwa rangi. Ni mafuta tu yatakayokwambia. Na kama kuna mtu mmoja katika mji mzima ambaye mafuta humwambia, ni yeye.

Bosi akasema anatupa hadi Ijumaa. Jumamosi kuna harusi kubwa, familia mbili zenye ndugu wengi, na wote wanaopanga sherehe zao msimu huu watakuwepo. Ijumaa mchana atakuja kuonja mwenyewe. Vikiwa vizuri, vitaingia Jumamosi. Vikiwa hivi, atanunua mashine ya kukaangia, ile inayolia kengele chakula kikiiva, na ataleta mtu anayeijua. Wifi atapewa nafasi kwenye masinki. Alilisema hilo la mwisho kwa upole, akiwa anatazama viatu vyake halafu akimtazama wifi, na wifi alikuwa amemkazia macho mdomoni bila kupepesa. Nilidhani ni hofu.

Kwa mtu mwingine masinki ni kazi kama kazi nyingine. Kwa wifi ilikuwa sawa na kuambiwa hayupo. Hakuzaa, ndoa yake ilidumu miaka miwili, nyumba ya wazazi iliuzwa. Alichokuwa nacho ni karai, na watu waliomwita fundi kwa sababu yake. Nililijua hilo vizuri, ndiyo maana ninaona aibu kueleza nilichofanya Jumanne.

Jumanne niliamka na hasira. Kumwaga unga kwake kulikuwa ni kumwaga unga kwetu sote, na aibu ya lile sinia nilikuwa nimeibeba mimi kwa mikono yangu. Niko mezani naviringisha, yeye kanipa mgongo, na maneno yakaanza kunitoka chinichini kama kawaida. Hakujibu. Nikazidisha. Mwishoni nikasema kitu ambacho hata siku tulizogombana kikweli sikuwahi kukisema. Nikasema, ndiyo maana mume alikukimbia, hata yeye ulimpa vitu vibichi.

Nikaganda hapo hapo. Wifi akageuka taratibu, na uso wake ulikuwa na tabasamu, tabasamu zuri la mtu asiye na neno na mtu. Akaniuliza kama chumvi ya maharage imetosha.

Kwanza nilifikiri amenisamehe. Kisha nikafikiri ameniwekea kisasi. Alipogeukia tena karai, jambo la tatu likanijia. Nikasema, si kwa sauti ya kuteta bali ya kawaida, ile ya kuombana kisu, "Wifi, khanga yako inaungua."

Akaendelea kukoroga mafuta.

Nikarudia kwa nguvu zaidi. Mwosha vyombo, mwanamke wa makamo anayeimba kutwa nzima, aliacha kuimba akatazama khanga ya wifi, akanitazama mimi kama nimepungukiwa. Wifi alikuwa anaangalia kamba za nguo za majirani.

Jioni hiyo nikamuuliza mume wangu kama amewahi kuona jambo lolote kwa dada yake. Akawaza. Akasema jambo hasa hakuna, ila siku hizi akimpigia simu, dada anaongea yeye tu mwanzo mpaka mwisho, halafu anasema haya kwaheri na kukata. Alidhani ni uzee. Tukatazamana. Mume wangu akainuka akaenda kusimama mlangoni, akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida yake.

Nilimwonea huruma wifi, na ile huruma ilinikera, kwa sababu ilikuwa imechanganyika na mwaka mzima wa maneno yangu. Mara nikawa naona kila kitu. Kwa nini alipenda kukaa uso ukielekea mlango wakati wa kula. Kwa nini aliwaambia wahudumu waandike maagizo kwenye karatasi, akidai kwamba wanasahau. Kwa nini aliitazama midomo ya watu. Na karai ndiyo kazi pekee ambayo hakuna pa kutazama mdomo. Vitu vya zamani mkono wake uliviopoa kwa mazoea, ila vitonge vilikuwa vipya.

Jumatano nikamwendea mbele, nikamwambia anifundishe kusikiliza mafuta. Nilisema nataka na mimi niwe fundi siku moja. Alinipima juu mpaka chini, akatafuta mzaha usoni pangu, hakuupata. Akafurahi, maskini. Akatia vitonge sita akafumba macho, akanieleza. Kitu kikiingia, alisema, mafuta yanapiga kelele kama watu wanaogombania mlango, hayo ni maji yanakimbia kutoka ndani. Usiguse. Baadaye kelele inashuka, inakuwa mvua juu ya bati. Bado. Halafu inakuwa mvua ya mbali, halafu mtu anayenong'ona. Akinong'ona, subiri pumzi tatu, opoa.

Alieleza vizuri sana, na wakati anaeleza ile ya mvua juu ya bati, mafuta yaliyokuwa mbele yake yalikuwa yameshafika kwenye kunong'ona. Alikuwa ananisimulia kitu alichokumbuka. Nikamgusa kiwiko. Akafumbua macho, akaopoa, tukapasua kimoja: moto mpaka katikati, maharage yanatoa moshi.

Nikaona nimepata njia. Nitasimama ubavuni pake kama mwanafunzi, nitasikiliza, nitamgusa kiwiko, na hakuna atakayejua lolote. Alhamisi tukakaanga masinia manne hivyo. La kwanza nilimgusa mapema, la pili nikachelewa, la tatu na la nne yakatoka kama tulivyotaka. Alipoweka chini kijiko cha matundu baada ya sinia la nne, akajifuta mikono, akanigeukia.

"Unanigusagusa nini tangu jana?"

Nikasema najifunza. Akasema anayejifunza haguswi wala hagusi, anauliza. Nikaona hakuna pa kutokea, nikasogea mahali penye mwanga na kusema polepole ili aone kila neno.

"Wifi, husikii."

Alitazama nyuma yangu, kwa mwosha vyombo, kisha mlangoni. Hakuna aliyekuwa anatusikiliza. Akakaa kwenye kreti.

"Umejua lini?"

"Jumanne."

"Mimi tangu mwaka jana. La kushoto lilitangulia, la kulia likalifuata." Akacheka kidogo. Daktari alimwambia ni la kuzeeka nalo, alisema, na kile chombo cha kuvaa sikioni alikijaribu, kikawa kinampigia jiko zima kichwani, sufuria na karai sauti moja. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia hata sisi wa nyumbani. Hapo akakasirika.

"Kwa sababu huruma ya jikoni naijua. Kwanza wanakupa kiti upumzike. Halafu wanakupa ufagio."

Nilitaka kumwambia na mengine, yale ya mwaka mzima, ya mgongoni. Nilifungua mdomo. Nikaona nitakuwa namtwisha mtu mwenye mzigo mzigo wangu mimi, ili nipate nafuu mimi. Nikanyamaza, na sijui mpaka leo kama nilifanya vizuri. Badala yake nilimwahidi kwamba kesho nitasimama kwenye kiwiko na siri itabaki kati yetu. Alikubali, lakini alikubali kama mtu anayekubali kuvaa nguo ya kuazima.

Ijumaa mchana tulikuwa tayari mapema. Vitonge thelathini vimelala frijini vimeshikana vizuri, mafuta safi, karai limesuguliwa. Bosi akatuma neno kwamba anakuja sasa hivi. Wifi akatia kitonge kimoja cha kujaribu moto, na mimi nikatega sikio.

Hapo ndipo wale wa muziki wa harusi walipowasha spika zao ukumbini kuzijaribu.

Kuta zilitetemeka. Vifuniko vya sufuria vikaanza kucheza kwenye misumari yake. Nilimwona mwosha vyombo akifungua mdomo kuimba na sikusikia hata herufi. Nikainamisha kichwa karibu na karai mpaka mvuke ukanichoma shavu, na kilichoingia masikioni ni ngoma tu, dum, dum, dum. Mlango ukafunguliwa, Bosi akaingia, suti ya rangi ya maziwa, akaonyesha kwa mkono tuendelee. Wifi akashusha vitonge kumi. Mimi nikasimama kwenye kiwiko chake nikiwa kiziwi kama yeye.

Vitonge vilipiga dhahabu mara moja, vikapendeza, vikaniita niseme toa. Sikusema. Nikahesabu, nikapoteza hesabu. Nikamwangalia wifi usoni, nikatikisa kichwa kumwambia sina msaada, naomba unisamehe. Kila nilichokuwa nimekipanga kilikuwa kimekufa.

Yeye hakuwa hata na haraka. Alikuwa ameshusha kijiko cha matundu ndani ya mafuta, amekilaza chini ya vitonge vitatu kama mtu aliyepakata mtoto, na mkono wake umeshika mpini kwa vidole tu, kwa wepesi. Macho yalikuwa dirishani. Akakaa hivyo muda ambao mimi nilihisi ni wa kuungua. Kisha akachukua mkono wangu, akauweka juu ya mpini, chini ya mkono wake.

Mpini ulikuwa unatetemeka. Si ule mtikisiko wa spika. Huo ulikuja na kuondoka. Huu ulikuwa mwembamba, wa harakaharaka, kama sisimizi wanatembea ndani ya ule mpini. Ukawa unapungua. Ukawa mdogo, mdogo zaidi, mpaka nikawa na shaka kama bado upo. Wifi akavuta pumzi tatu na kuopoa.

Baadaye aliniambia kwamba nilimfundisha mimi. Kila nilipomgusa kiwiko cha kushoto, alisema, mkono wa kulia ulikuwa umeshajua, ila haukuwa na wa kuuambia kwamba uko sahihi. Mpaka sinia la nne alikuwa hanihitaji tena. Aliniacha nisimame pale siku ya Ijumaa kwa sababu aliona nimejiandaa.

Bosi alichukua kimoja kikiwa bado kinachoma vidole. Aking'ata, nikaona midomo yake inasema kitu ambacho ngoma ilikimeza. Moshi ukatoka mdomoni mwake. Akatafuna macho yakiwa yamefumbwa nusu, akafuta kidevu, akachukua cha pili bila kukimaliza cha kwanza. Cha tatu alikishika tu, akakitazama mle ndani kwa muda, kwenye yale maharage, na uso wake ulilegea ukawa uso wa mtu mdogo kuliko yeye. Wifi alikuwa ameshamgeuzia mgongo, anashusha kumi vingine.

Spika zikazimwa. Kimya kikaingia jikoni ghafla, na kwenye kimya hicho Bosi akamuuliza wifi swali. Alimuuliza akiwa nyuma yake.

Wifi hakugeuka.

Bosi akasubiri. Mwosha vyombo akasubiri. Nikaona uso wa Bosi unaanza kujiuliza, na nikajua kwamba akirudia mara moja tu, siri imeanguka. Kwa hiyo nikafungua mdomo kumjibia. Nilikuwa na jibu zuri tu, la adabu, na ningeweza kumjibia siku hiyo na kesho na miaka yote ambayo ingehitajika.

Lakini wifi alikuwa ameniona. Nilikuwa ubavuni pake, na aliuona mdomo wangu ukifunguka na macho yangu yakielekea nyuma yake. Alijua kwamba ameulizwa. Akaweka kijiko ukingoni mwa karai, akageuka, akamtazama mwajiri wake.

"Bosi," alisema, "masikio yangu yamekwisha. Yana mwaka. Ukitaka kuzungumza na mimi, njoo huku mbele nikuone mdomo." Akaligeukia tena karai.

Sijui nilitegemea nini. Bosi alikitazama kitonge mkononi mwake, akanitazama mimi, na mimi nikatazama sakafu. Kati ya karai na dirisha kuna upenyo wa kupita mtu mwembamba kwa ubavu, na hakuna anayepita hapo, kwa sababu mafuta yanaruka. Bosi akavuta tumbo ndani. Akaingia pale, suti yake ya maziwa ikisugua ukuta wenye masizi, akajipenyeza mpaka akafika mbele ya wifi, karai likiwa katikati yao. Akainama ili mwanga wa dirisha umwangukie usoni.

"Nimeuliza," alisema polepole, "kesho utaweza mia nne?"

Wifi alimtazama mdomo mpaka neno la mwisho. Akachukua kijiko chake.

"Naweza," alisema. "Sasa toka hapo, bosi, mafuta yatakuharibia suti."

Akatoka kinyumenyume, na mimi nikarudi mezani kuviringisha.